Nyumba Chini ya Mnazi wa Watu

Nilipozindukana nilikuwa nimelala kifudifudi, udongo umejaa mdomoni, na mkono wangu wa kushoto sikujua uko wapi. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, saa nne asubuhi. Mbele yangu, kama hatua mbili, shina la mnazi lilikuwa limelala pale palipokuwa jiko, na chini ya shina ulitokeza mkono wa dada yangu Mghoi, mweupe kwa unga mpaka kwenye kiwiko, kwa maana alikuwa anakanda chapati. Vidole vilikuwa vinacheza. Nilimwita, akaniitikia. Namwomba anayesoma alishike hilo mpaka mwisho: nilimwita, akaniitikia. Alisema, "Wakesho, kifua." Kisha nikasikia watu wanakuja mbio, miguu inapiga matope, nikamshukuru Mungu, nikasema basi tumepona. Sauti ya kwanza niliyoisikia haikuuliza nani yumo ndani. Iliuliza, "Mnazi wa nani huu?" Na sauti ya pili, ambayo hata leo nikiisikia sokoni nitageuka, ikajibu, "Wa Rashidi. Msiutie shoka. Ngojeni mwenyewe aje."

Mimi shule niliishia darasa la nne, na kuandika kwangu ni kwa taabu. Nisingeandika lolote kama Bi Mwanaisha asingefariki mwaka huu na mimi nisingekwenda Msambweni kwenye matanga yake, kwa bintiye. Bi Mwanaisha alikuwa jirani yangu mwaka ule wa mnazi, na ndiye mtu mmoja tu wa pale ambaye sina neno naye. Nilikaa mkekani na wanawake, tukaletewa pilau kwenye sinia, na nilipoinua macho nikamwona Bakari Mwadzaya amekaa upande wa wanaume, kanzu nyeupe, ndevu nyeupe, watu wanamsogezea mto aegemee. Alikuwa anachagua nyama kwa vidole vyake virefu, polepole, kama mtu ambaye hana haraka na dunia. Watu walipoanza kutawanyika alinijia mwenyewe. "Mwanangu wa Taita! Siku nyingi. Hujambo?" Ulimi wangu ukanisaliti, ukasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akautazama mkono wangu ambao haukunyooka tena, akatikisa kichwa. "Yale yalikuwa ya Mungu, mwanangu. Tumeyasahau." Yeye ameyasahau. Nilirudi nyumbani, na njiani nikanunua daftari hili.

Basi nirudi nyuma. Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, na tulikuwa tunaishi Mackinnon Road, vyumba viwili vya mabati kando ya barabara kuu, mimi, mume wangu Mwakio, na Mghoi dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa amekataa kuolewa na ndiye aliyekuwa na akili kutuzidi sote. Pale jua likisimama saa sita, bati linalia lenyewe. Vumbi la malori linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mti uliokuwa karibu nasi ulikuwa mmoja, wa miiba, na mbuzi walikuwa wameuwahi. Mwakio alipopata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja ya Galu, alitangulia, akawa analala sakafuni kwa rafiki yake, akatuletea ujumbe kwa dereva wa lori: njooni mtafute nyumba, mimi sina nafasi. Ndiyo ilikuwa tabia ya Mwakio. Jambo lolote lenye kuchagua aliwaachia wengine, halafu likiharibika anasema mimi sikuwepo.

Tulizunguka wiki nzima, mimi na Mghoi, viatu mkononi. Ukunda tuliona chumba kwenye nyumba ya vyumba kumi, choo kimoja, na vijana wa kutoka bara walikaa mlangoni wanatusemesha kwa Kiswahili chao cha kukatakata: "Sasa, masistaa, mnakam kuishi hapa?" Mghoi akawajibu, "Tunakuja kuishi, sio kukam," wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Lakini ukuta wa chumba ulikuwa umeshikana na baa, na maji ya kisima yalikuwa ya chumvi kiasi kwamba sabuni haikutoa povu. Galu kwenyewe, karibu na hoteli, hapakuwa na nyumba ya mtu wa kuosha vyombo. Mtu mmoja akatuambia twende Vanga, huko samaki ni bure na hakuna anayekuuliza kitu. Mghoi akamwuliza, "Na Mwakio atakwenda kazini kwa mabawa?" Tena kulikuwa na jambo ambalo hatukulisema kwa sauti. Miaka miwili nyuma watu wa bara walikuwa wamefukuzwa sehemu zile, na sisi wa Taita tulihesabiwa nusu wa bara nusu wa pwani, kutegemea anayehesabu ameamkaje. Kwa hiyo tulitafuta mahali ambapo wenyeji wenyewe watatukaribisha kwa midomo yao, wenye majina, ili kesho mtu asije akatuuliza nani kawaleta.

Aliyetupeleka kwa Bakari ni Bi Mwanaisha. Alikuwa anauza mahamri na mbaazi za nazi kwenye njia panda nyuma ya Galu, upande wa Kinondo, na siku ya sita tulikaa kwenye benchi lake tumechoka hatuna hata maneno. Mbaazi zile! Sijawahi kula kitu kikanipa moyo kiasi kile. Akatutazama akasema, "Nyinyi wanangu hamtafuti mahamri, mnatafuta mji." Alifunika karai lake akatushika mkono hadi kwa Bakari, ambaye siku zile alikuwa mwanamume wa makamo, mchangamfu, mwenye shamba kubwa kutoka kwa wajomba zake. Bakari akatutembeza. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimelibeba hadi leo, kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya hata akiwa mtoto. Shamba lilikuwa na sehemu mbili za wazi. Moja ilikuwa kwenye jua, tambarare, karibu na njia. Ya pili ilikuwa ndani kidogo, chini ya minazi mitatu, na mmoja wa hiyo mitatu ulikuwa umeinama, umepinda kama mtu anayechungulia dirishani. Chini yake palikuwa na kivuli kipana cha baridi, na upepo. Mimi niliyetoka kwenye bati la Mackinnon Road nilisimama pale, jasho likanikauka shingoni, nikafumba macho. Nikasema, "Hapa." Mghoi akasema, "Na kule kwenye njia?" Nikasema, "Dada, jua tumelala nalo miaka mingapi? Hapa." Bakari akatabasamu. Naliona tabasamu lile hadi leo. Akasema, "Hapa ni pazuri, pana hewa."

Tulimwuliza mambo mengi, msifikiri tulikuwa wajinga. Mghoi aliuliza maji, Bakari akatuonyesha kisima, ni matamu. Akauliza nyoka. Akauliza kama sisi Wakristo tutaimba Jumapili bila kumkera mtu, Bakari akasema, "Imbeni, hata sisi tutasikiliza." Akatueleza masharti ya kwao, ambayo nayo tuliyaelewa: nyumba tutakayojenga ni yetu, ardhi iliyo chini ya nyumba ni yake, siku tukihama tunachukua miti na milango yetu tunamwachia mchanga wake. Hakutudanganya hata neno moja. Alijibu yote tuliyouliza. Lakini kitu ambacho hatukukiuliza, kwa sababu huko kwetu hakipo, hakukisema: kwamba pale pwani ardhi inaweza kuwa ya mtu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mtu mwingine kabisa, na huyo wa mnazi ana amri yake na huyo wa ardhi ana amri yake, na wewe uliye katikati, na nyumba yako, huna amri na chochote.

Tulilijua hilo wiki ya tatu, nyumba imekwisha kukandikwa na kuezekwa. Ilikuwa nyumba nzuri, naisema. Vyumba viwili na ukumbi, fito zimefungwa vizuri, udongo mwekundu tuliusiriba kwa mikono yetu, na jiko nyuma, chini ya paa lile lile, chini ya mnazi ule ule. Nazi ilianguka yenyewe uani, Mghoi akaikuna akaipikia maharagwe. Tulikuwa tunakula ukumbini tuliposikia hodi. Akaingia mwanamume mrefu mwembamba, akakaribishwa, akanawa, akaonja tonge moja. "Tamu," akasema. "Shemeji, nazi mmeipata wapi?" Mghoi akajibu, "Mungu ametuangushia." Yule mtu akatafuna, akameza, akasema kwa adabu kabisa, "Mungu huangusha, lakini mimi ndiye ninayeokota. Minazi hii ni yangu. Naitwa Rashidi Ndaro." Tukadhani ni utani. Mghoi akamwambia, "Basi na maharagwe yachukue, yameshaingia nazi yako." Rashidi akacheka kweli, akala akamaliza sahani, akatusamehe ile moja. Jioni nilimwendea Bi Mwanaisha nikamwuliza. Akashika kifua. "Mwanangu, hamkuuliza miti? Nilidhani Bakari amewaambia. Aliyeipanda ni babu yake Rashidi, wakati wajomba zake Bakari walipomkaribisha hapa. Ardhi haikuwahi kuwa yake, minazi haikuwahi kuwa ya kina Bakari." Na akanieleza lililobaki. Miaka mingi nyuma Bakari alikata mnazi mmoja wa Rashidi apate nafasi ya zizi. Akaitwa mbele ya wazee, akatozwa mbuzi, akaombeshwa radhi hadharani, wanawake wanatazama. Tangu siku hiyo Bakari hagusi hata kuti la Rashidi likimwangukia kichwani.

Mkwezi alikuwa anakuja kila miezi mitatu kumwangulia Rashidi nazi. Alikuja mwezi wa nne, na mimi nilikuwa chumbani nimelala na homa, dirisha liko wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno. Alikwea wa kwanza, akakwea wa pili, akafika kwenye ule ulioinama akaukanyaga kwa mguu mmoja, akashuka. Rashidi akamwuliza, "Vipi tena?" Akasema, "Huu sikwei. Mizizi ya nyuma imeinuka. Njoo utazame, unaweza kuingiza mkono." Sauti ya Bakari, ambaye sikujua kama yupo, ikasema, "Ee, hata mimi niliona tangu mwaka jana." Tangu mwaka jana! Sisi tulikuja mwezi wa kwanza! Rashidi akasema, "Utasimama. Wazee wetu waliuacha umeinama na haukwenda popote." Wakaondoka wanazungumza habari za bei ya mbata, zile nazi kavu. Mimi nilijikokota hadi nyuma ya nyumba, nikaingiza mkono. Uliingia hadi kifundo.

Nilikwenda kwa Bakari. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimekupa chini. Juu sina amri. Mwendee Rashidi." Nilikwenda kwa Rashidi. Akanipa kiti, akanipa dafu, akaniambia, "Mnazi ule unazaa. Nani alikuambia ujenge chini yake? Mwulize aliyekuonyesha." Nikarudi kwa Bakari. "Mimi nilimwonyesha mahali pawili, ni yeye aliyechagua kivuli," akamwambia mkewe, mimi nimesimama pale pale mlangoni, kana kwamba mimi ni kuku. Mghoi alitaka twende kwa chifu. Aliyekataa ni mume wangu Mwakio, na jina lake naliandika hapa pamoja na ya wale wawili, maana hakustahili kuachwa. "Tusiwachokoze watu," alisema, huku anavua soksi. "Sisi wageni. Juzi tu watu walifukuzwa hapa. Mnazi umesimama miaka mingapi?" Mghoi akamwambia, "Shemeji, wewe unalala hotelini siku nne katika saba. Wa kuangukiwa ni sisi." Akasema, "Basi subirini masika yaishe, tutahamisha jiko." Masika yaishe! Nimefikiri miaka yote hii kwa nini nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyesema "hapa," na kila Mghoi alipotazama juu nilijisikia ananitazama mimi. Yeye hakunilaumu hata siku moja. Alihamisha kitanda changu tu, akakiweka chumba cha mbele, chake akakiacha nyuma, akasema anapenda kuamka karibu na moto.

Siku yenyewe mvua ilikuwa ya siku ya tatu bila kupumua. Mwakio alikuwa kazini. Mghoi alisema leo tule kitu cha maana, akakaa kwenye kibao na unga wake, anaimba chini chini wimbo wa kanisani, na mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko nachambua mchicha. Sikusikia kuvunjika. Nilisikia mlio kama mtu anayevuta turubai zito, basi. Mengine nimeshayasema: mkono mweupe, nikamwita, akaniitikia, na Bakari, "Msiutie shoka."

Walikuwepo wanaume sita au saba. Shoka lilikuwepo, nililiona, limeegemezwa kwenye ukuta uliobaki. Shina lilikuwa limelala juu ya kifua cha dada yangu, na halikuweza kuinuliwa zima. Ilibidi likatwe mara mbili ili kipande cha katikati kitoke, kila mtu pale alilijua hilo. Mmoja akalishika shoka. Bakari akasema, "Mimi nilishatozwa. Mkikata mtasema mwenye ardhi ndiye aliyeamrisha. Mleteni Rashidi aseme kwa mdomo wake." Mtu akapanda baiskeli akaenda. Wengine wakasimama kwenye mvua wanangoja, ndiyo, walisimama, kama watu wanaongoja daktari. Bi Mwanaisha alifika leso imemlowana mwilini, akapiga kelele, "Bakari, mna watu humo! Mbuzi wako nitakulipia mimi!" Hakuna aliyesogea. Basi akapiga magoti akaanza kuchimba chini ya shina kwa mikono, kisha kwa kifuu, mwanamke wa umri ule, na kwa mkono mwingine ameushika ule mkono wenye unga anamwambia, "Niko hapa mwanangu, sema nami." Mghoi alisema naye. Kwanza alisema maneno. Baadaye akawa anasema "mm." Baadaye Bi Mwanaisha ndiye aliyekuwa anasema peke yake.

Rashidi alikuja mbio, bila viatu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mbona hamjakata?" Akamnyang'anya mtu shoka akakata mwenyewe, kwa nguvu kama mwendawazimu, vipande vinaruka, na shina lilikatika upesi sana. Upesi sana. Hilo ndilo linaloniua mimi. Halikuwa jambo la muda. Mimi walinipeleka Msambweni hospitali, wakaniunga mkono walivyoweza. Mghoi hawakumpeleka mahali.

Siku ya tatu, sisi tuko matangani, Rashidi alituma watu waje kuchukua nazi za ule mnazi, na makuti, na vipande vya shina. Hata ule moyo wa mnazi, laini, mweupe, unaoliwa mara moja tu mnazi unapokufa, waliuchukua, na nilisikia mmoja anawaambia wenzake utamu wake. Kwa hiyo siku ile mwenye mnazi alipatikana kwa urahisi. Bakari naye alikuja, akasimama mbali, akauliza tutahama lini ili apate ardhi yake isawazishwe. Mwenye ardhi naye akapatikana. Nyumba ilikuwa yetu, tukaachiwa matope yake. Kila kitu pale kilikuwa na mwenyewe isipokuwa kifo cha dada yangu. Tulirudi Mackinnon Road kwenye bati, mimi na Mwakio, tukatazamana kama miaka miwili, kisha akaenda zake Voi, ana mke mwingine, na nasikia husimulia kwamba yeye alitaka kuhamisha jiko.

Rashidi alikufa. Alikosea, na nilimwambia alipokuwa hai, mbele ya watoto wake, akalia. Mwakio ananikimbia. Mimi mwenyewe hujijibu kila mvua inapoanza. Bi Mwanaisha, ambaye hakuwa na kosa, alikuwa akiniambia kila tukionana, "Ni mimi niliyewapeleka kwake," na amekwenda kaburini na neno hilo. Umebaki wewe, Bakari Mwadzaya, mwenye mto wa kuegemea. Usiniambie habari za Mungu. Mungu aliangusha mnazi, sawa, simdai. Mimi nakuuliza habari za baada ya mnazi kuanguka, wakati dada yangu bado anaitikia. Mkwezi alipoonyesha mizizi, ulikuwepo. Sisi tulipochagua kivuli, ulitabasamu. Na shoka lilipokuwa mkononi mwa mtu, ulisema ngojeni. Nitakuja Kinondo Ijumaa, baada ya sala, watu wakiwa wametoka msikitini na wamekaa. Nitakaa barazani kwako, na sitakusalimia. Uniambie mbele yao, kwa mdomo wako, mlikuwa mnamngoja nani.